Tiba Nyingi kwa Nafsi Moja

Mtu aliyevunjika mguu hupelekwa kwa tabibu, na tabibu yeyote mwenye elimu yake, awe wa Mombasa au wa London, atamnyosha mfupa na kumfunga kwa namna isiyotofautiana sana na ya mwenzake. Mtu aliyevunjika moyo, au aliyeshikwa na hofu asiyoijua sababu, hana bahati hiyo. Akienda kwa tabibu mmoja wa nafsi ataombwa aeleze habari za utoto wake. Akienda kwa wa pili ataambiwa kwamba ya utotoni hayana haja, na atapewa mazoezi ya kufanya kila siku. Wa tatu atamwonyesha jinsi mawazo yake mwenyewe yanavyomdanganya. Wa nne hatamwagiza lolote, bali atamsikiliza kwa upole mpaka mwenyewe aione njia. Kila mmoja wa matabibu hawa ana vitabu vyake, walimu wake, na wanafunzi walio tayari kumtetea. Neno linalofaa kwa hali hii ni madhehebu, maana watu hawa wametengana kama wanavyotengana wenye dini: si kwa yale wanayoyatenda tu, bali kwa yale wanayoyaamini juu ya asili ya binadamu.

Utengano huu una umri wa zaidi ya miaka mia moja, na jitihada za kuyapatanisha madhehebu zina umri wa zaidi ya miaka tisini. Katika insha hii nataka kuzipima jitihada hizo. Msomaji asidhani kwamba ni ubishi wa wataalamu peke yao. Mwenye dhiki huja na nafsi moja, fedha kidogo, na siku chache za ustahimilivu. Ikiwa mlango aliobisha sio uliomfaa, hasemi kwamba amekosea mlango. Husema kwamba hana dawa, akarudi nyumbani.

Tuanze na watoto wawili, kwa kuwa habari zao zaeleza jambo hili vizuri kuliko maneno mengi.

Mtoto wa kwanza aliishi Vienna, mji mkuu wa Austria, na katika vitabu huitwa Hans. Alipokuwa na umri wa karibu miaka mitano alishikwa na hofu kubwa ya farasi. Siku zile farasi walijaa katika barabara za Vienna kama magari yajaavyo katika barabara za Nairobi leo, basi mtoto akakataa kutoka nje. Alihofu kwamba farasi watamwuma, na tena kwamba wataanguka, kwa maana aliwahi kumwona farasi wa gari la abiria akianguka na kurusharusha miguu. Aliyeiandika habari hii ni Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi. Kazi yenyewe ilifanywa na baba wa mtoto kwa uongozi wa Freud, na Freud alizungumza na mtoto mara moja tu katika muda wote wa tiba. Katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1909 Freud alieleza kwamba farasi yule hakuwa farasi; alikuwa baba. Mtoto alimpenda mama yake, akamwonea baba wivu, akaogopa adhabu, na hofu hiyo asiyoweza kuikiri akaihamishia kwa mnyama. Alipofunuliwa maana hii, hofu ilipungua, na mwisho ikaondoka.

Mtoto wa pili aliishi Marekani, na jina alilopewa katika vitabu ni Peter. Huyu alikuwa na umri wa karibu miaka mitatu, akiogopa sungura, panya weupe, manyoya, na hata pamba. Mary Cover Jones, aliyetoa habari zake mwaka 1924, hakuuliza sungura ana maana gani. Alimketisha mtoto kitini, akampa chakula alichokipenda, na wakati mtoto alipokuwa akila sungura aliletwa ndani ya kizimba na kuwekwa mbali, mahali ambapo mtoto alimwona bila kuacha kula. Siku baada ya siku kizimba kilisogezwa karibu kidogo. Mwishoni mtoto alimpapasa sungura kwa mkono wake mwenyewe, akamwacha amtafune vidole kwa mchezo.

Basi hapa pana hofu mbili za wanyama, zote mbili zimepona, na maelezo ya kuponya kwake hayapatani hata kidogo. Dhehebu la Freud lingesema kwamba Jones aliondoa moshi akauacha moto. Dhehebu la pili, ambalo baadaye liliitwa tiba ya mwenendo, lilijibu kwa ukali uo huo. Mwaka 1960 Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, pamoja na Stanley Rachman, waliichambua habari ya Hans na kusema kwamba hapana baba wala wivu ndani yake: mtoto alimwona farasi akianguka, akaogopa farasi, na hadithi imekwisha.

Lakini mtu asiye na dhehebu akizisoma habari hizo mbili kwa utulivu ataona jambo ambalo wenye madhehebu hawakupenda kulitazama. Wakati baba wa Hans alipokuwa akitafuta maana ya farasi, mtoto alikuwa akithubutu kutoka nje kidogo kidogo, leo akifika mbele kuliko jana. Hiyo ndiyo dawa ya Jones. Kwa upande mwingine, Peter hakuwa peke yake na chakula na sungura. Palikuwapo msaidizi mmoja ambaye mtoto alimpenda sana hata akamwita baba yake, na hofu ilipungua upesi alipokuwapo mtu huyo. Tena waliletwa watoto wengine wasiomwogopa sungura wakacheza naye mbele yake. Mapenzi ya mtoto kwa mtu aliye kama baba yake, na nguvu zake katika kuondoa hofu, ni jambo ambalo lingemfaa sana Freud. Kila dhehebu lilikuwa na dawa ya mwenzake mfukoni, likaitumia bila kuitia katika hesabu. Na kuna kichekesho kimoja kilichobaki. Mwaka 1922 Hans, akiwa kijana mzima mwenye afya, alikwenda kumzuru Freud akamwambia kwamba aliposoma habari ya tiba yake hakukumbuka hata neno moja. Freud mwenyewe ndiye aliyeichapisha habari hii, na kwa hilo anastahili heshima.

Wa kwanza kulisema jambo hili waziwazi alikuwa kijana wa Marekani, Saul Rosenzweig, katika makala fupi ya mwaka 1936. Alishangaa kwamba kila dhehebu lina wagonjwa waliopona, na kila moja lachukua kupona huko kuwa ushahidi wa nadharia yake. Haiwezekani nadharia zote zinazopingana ziwe kweli. Basi, alisema, huenda kinachoponya si kile ambacho matabibu wanagombania, bali ni kitu walicho nacho wote bila kukitaja. Alikipamba kichwa cha makala yake kwa habari ya ndege wa hadithi ya Lewis Carroll aliyeamua mashindano ya mbio kwa kumpa kila mshindani tuzo. Wasomaji wa Kiswahili walipata hadithi hiyo mwaka 1940, na humo msichana wake aitwa Elisi.

Mzaha wa Rosenzweig ulingoja muda mrefu kabla ya kupimwa kwa hesabu. Mwaka 1952 Hans Eysenck, wa London, aliwachokoza matabibu wote kwa pamoja aliposema kwamba watu wapatao wawili katika kila watatu wenye maradhi mepesi ya nafsi hupata nafuu katika miaka miwili, wakitibiwa au wasitibiwe. Uchokozi huo ulizaa kazi nyingi. Mwaka 1977 Mary Lee Smith na Gene Glass walikusanya uchunguzi 375 wakaujumlisha. Waliona kwamba mgonjwa wa kadiri aliyetibiwa yu heri kuliko watu 75 katika kila 100 wasiotibiwa, na kwamba tofauti baina ya dhehebu na dhehebu ni ndogo. Yaani Eysenck alishindwa, na matabibu waliofurahia kushindwa kwake walinyimwa furaha papo hapo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema kwamba ushindi ni wake.

Kitabu kilichotumia fikira hii kwa ufasaha kuliko vyote ni cha Jerome Frank, daktari wa Baltimore, kiitwacho Persuasion and Healing, yaani Ushawishi na Uponyaji. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1961, naye akakirudia na kukitengeneza zaidi ya mara moja. Frank hakujifungia hospitalini. Alilinganisha tiba ya nafsi na mahujaji waendao Lourdes, Ufaransa, kuomba uponyaji. Na waganga wa jadi wa mataifa mbalimbali. Na mikutano ya uamsho wa dini. Na vidonge visivyo na dawa ndani ambavyo hata hivyo humpa mgonjwa nafuu. Hoja yake ni kwamba watu wanaokuja kutafuta tiba, japokuwa maradhi yao ni mengi, wana jambo moja sawa: wamekata tamaa. Wameshindwa na jambo ambalo wao au wengine walitazamia waliweze, na wanajiona peke yao. Na tiba zote zinazofaa zina mambo manne: mtu wa kuaminiwa ambaye mgonjwa amfungulia moyo; mahali palipotengwa kwa kazi hiyo; maelezo ya chanzo cha dhiki ambayo mgonjwa ayakubali; na matendo yatokanayo na maelezo hayo, yanayowashughulisha mgonjwa na tabibu pamoja.

Ni kitabu kizuri, na kwa msomaji wa Afrika kina ladha ya pekee, kwa sababu ndani yake mganga wa kijijini na profesa wa chuo kikuu wanapimwa kwa mizani moja. Hapana shaka wako wazee watakaotabasamu wakisema kwamba haya waliyajua zamani. Hata hivyo sifa hiyo ina sumu kidogo. Kama kinachoponya ni kuamini tu, basi hapana tofauti baina ya anayesema kweli na anayedanganya kwa ustadi, na mgonjwa hana haki ya kuuliza ni yupi. Frank aliiona hatari hii. Katika kitabu hicho hicho aliweka sura juu ya mateka na wafungwa waliobadilishwa mawazo kwa nguvu huko China, akaonyesha kwamba nguvu inayoponya na nguvu inayovunja nafsi ya mtu ni ndugu. Lakini kuiona hatari ni jambo moja; kumwambia tabibu afanyeje kesho asubuhi ni jambo jingine, na hapo kitabu chanyamaza.

Nami nina shaka ya pili juu yake, iliyo nzito zaidi. Si kweli kwamba kila tiba hufaa kila dhiki kwa kipimo kimoja. Wako watu ambao hunawa mikono mara nyingi mno kila siku hata ngozi ikachubuka, kwa kuhofu uchafu ambao wenyewe wajua haupo. Watu wa namna hii walisikilizwa kwa upole miaka mingi na matabibu waliowaamini sana, mahali palipotengwa, kwa maelezo yenye hekima. Mambo yote manne ya Frank yalikuwapo, na mikono iliendelea kunawiwa. Mwaka 1966 Victor Meyer, wa London, aliandika habari za wagonjwa wawili waliotawaliwa na matendo ya kurudiarudia. Yeye aliwaweka karibu na kile walichokihofu na kuwazuia, kwa msaada wa wauguzi, wasitende tendo la kujituliza. Dhiki yao ilipanda, kisha ikashuka. Njia hiyo, baada ya kutengenezwa na wengine, ni mojawapo ya tiba zinazopendekezwa kwanza kwa ugonjwa huo mpaka leo. Basi wastani wa hesabu ya Smith na Glass, ulio kweli kwa watu wengi wakiwekwa pamoja, unaweza kumficha mtu mmoja aliyekosa dawa yake. Mwenye malaria na mwenye upungufu wa damu, wakitibiwa katika chumba kimoja na muuguzi mwema, wote wawili watashukuru. Lakini dawa zao ni mbalimbali.

Jawabu la pili lilitoka kwa Arnold Lazarus, naye pia mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeandika mwaka 1967 kwamba tabibu achukue chombo chochote kilichothibitika kufaa, kutoka dhehebu lolote, bila kujifunga kuiamini nadharia ya walioubuni ufundi huo. Seremala aweza kuazima tezo ya mjenzi wa jahazi bila kwenda baharini. Baadaye Lazarus aliweka utaratibu wa kumchunguza mgonjwa katika mambo saba, kuanzia mwenendo na maono mpaka mawazo, watu anaoishi nao, na afya ya mwili, ili pasisahauliwe kitu. Jawabu hili ni la mtu wa kazi, na matabibu wengi hulifuata. Kasoro yake ni kwamba orodha haiamui. Ikiwa mambo saba yote yana kasoro, tabibu aanze na lipi, na kwa nini? Asiye na nadharia atachagua kwa mazoea, au kwa kile alichojifunza juzi, kisha atayaita mazoea hayo busara. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na hapa manahodha wote wamo ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Jawabu la tatu ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, ingawa kitabu chake ni kigumu kusoma. Paul Wachtel, mwanafunzi wa mapokeo ya Freud, alitoa mwaka 1977 kitabu cha kuunganisha uchanganuzi wa nafsi na tiba ya mwenendo. Wengine walikwisha jaribu kabla yake: mwaka 1950 John Dollard na Neal Miller walizitafsiri fikira za Freud kwa lugha ya elimu ya kujifunza. Lakini tafsiri si muungano. Wachtel aliuliza swali ambalo kila upande ulikuwa umeliepuka: ikiwa dhiki ilizaliwa utotoni, ni nini kinachoilisha mpaka leo?

Tuchukue mfano. Kijana mmoja amekulia katika nyumba ambamo hasira iliadhibiwa vikali, akajifunza kuiogopa hasira yake mwenyewe. Kwa kuiogopa, amekuwa mpole kupita kiasi. Akiazimwa kitabu kisirudishwe, hasemi. Akipewa kazi ya wenzake, huifanya. Wenzake, ambao si wabaya kuliko watu wengine, huona kwamba huyu hadai, nao humzidishia mzigo. Kwa kuzidishiwa, moyo wake hujaa hasira zaidi. Kwa kujaa hasira, huiogopa zaidi. Na kwa kuiogopa, huzidi kuwa mpole. Freud angemwuliza juu ya nyumba aliyokulia. Wolpe angemfundisha kudai kitabu chake. Wachtel asema kwamba wote wawili wameshika sehemu ya gurudumu moja. Hofu ya ndani ndiyo inayozaa mwenendo wa nje, na mwenendo wa nje, kwa majibu unayoyapata kwa watu, ndio unaoilisha hofu ya ndani. Ya kale hayakai ndani ya mtu kama mali iliyozikwa ardhini. Yatengenezwa upya kila siku, na waliomzunguka, bila kujua, ni wasaidizi katika kazi hiyo.

Ukikubali hivyo, ugomvi wa madhehebu hauishi kwa sulu ya kugawana mgonjwa nusu kwa nusu. Huisha kwa sababu swali limebadilika. Tabibu sasa anayo sababu ya kuchagua. Atamfundisha kijana yule kusema neno moja la kudai haki yake, na atamsikiliza aeleze hofu inayompanda kabla hajalisema, na kila moja ya kazi hizi yaifungulia njia nyenzake: asiyeijua hofu yake hatalisema neno, na asiyelisema hataona kamwe kwamba mbingu hazikuanguka. Huu ndio muungano. Kuweka dawa mbili katika chupa moja ni kitu kingine.

Lawama ninayoweza kumpa Wachtel ni kwamba gurudumu lake lageuka vizuri mno. Kuna dhiki isiyotokana na mtu kuwalea watu wabaya kwa upole wake. Mjane aliyenyang'anywa shamba hana hofu ya kale inayojirudia, amenyang'anywa shamba. Nadharia inayomfanya kila mtu kuwa mshiriki katika masumbuko yake yaweza, mikononi mwa tabibu mvivu, kuwa namna ya adabu ya kumlaumu aliyedhulumiwa.

Lawama hii si ya kubuni, na mtu aliyekutana nayo ana kwa ana alikuwa Marsha Linehan, wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Aliwatibu wanawake waliokuwa wakijidhuru mara kwa mara na kutaka kufa. Alianza kwa tiba ya mwenendo, yaani kuwafundisha kubadilika, nao wakaona kwamba wanaambiwa makosa ni yao. Wengine waliondoka kwa hasira. Akageuka akajaribu kuwapokea tu jinsi walivyo, bila kudai badiliko. Nao wakaona kwamba wameachwa ndani ya moto na mtu mpole aliyesimama nje. Hakuweza kuchagua njia moja, wala kuzifuata zamu kwa zamu. Ilimlazimu afanye yote mawili kwa wakati mmoja: kumwambia mgonjwa kwamba dhiki yake ni ya haki kwa yaliyompata, na tena kwamba hana budi kujifunza kuishi namna nyingine. Sehemu ya kupokea aliichota katika mazoezi ya dini ya Zen ya Wajapani, na ya kubadilika katika tiba ya mwenendo. Mwaka 1991 yeye na wenzake walitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba wagonjwa wa tiba hii walijidhuru mara chache zaidi, na kulala hospitali siku chache zaidi, kuliko waliotibiwa kwa njia za kawaida. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1993. Na mwaka 2011 alisimama mbele ya watu akasema kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa msichana, alikuwa mgonjwa wa namna ile ile, aliyefungiwa hospitalini. Wako waliosema kwamba habari hiyo haihusu elimu. Mimi naona yahusu sana. Amani baina ya madhehebu ilitafutwa muda mrefu na matabibu kwa ajili ya matabibu. Huyu aliitafuta upande wa kitanda.

Imebaki kutazama kwetu Kenya, ambako jambo hili limekuja kwa sura nyingine kabisa. Huku matabibu wa nafsi ni wachache mno, na mgonjwa wa kijijini hachagui baina ya madhehebu manne, kwa maana hana hata moja la karibu. Kwa hiyo muungano haukuletwa na ubishi wa nadharia. Uliletwa na uhaba. Shirika la Afrya la Ulimwengu lilitengeneza tiba fupi ya mikutano mitano, iwezayo kutolewa na wahudumu wa afya wa mtaani wasio na shahada yoyote ya elimu ya nafsi. Ndani yake mna kuvuta pumzi kwa utulivu, kulikata tatizo kubwa vipande vidogo, kurudia kazi zilizoachwa kwa huzuni, na kutafuta watu wa kumtegemeza mtu. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, wanawake 518 wa viungani mwa Nairobi, wengi wao wakiwa wamepatwa na ukatili, waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Na baada ya miezi mitatu waliopata mikutano hiyo walikuwa na dhiki pungufu kuliko wenzao. Nafuu haikuwa kubwa sana, na waliouandika uchunguzi hawakuitia chumvi.

Habari ya pili yawahusu vijana wa shule, na kwa hiyo wasomaji wa kitabu hiki. Mpango uitwao Shamiri uliwakusanya wanafunzi wa shule za sekondari wenye dalili za huzuni au wasiwasi, ukawaketisha katika vikundi kwa majuma manne. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza shule karibuni. Mafundisho yalikuwa matatu, yaliyochotwa sehemu mbalimbali: kwamba tabia na uwezo wa mtu hukua, kwamba ni vizuri kuyahesabu mema na kuyashukuru, na kwamba kila mtu ayajue yale anayoyathamini na kuyaishi. Uchunguzi wa wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, uliotoka mwaka 2021, ulionyesha kwamba huzuni na wasiwasi vilipungua zaidi kwao kuliko kwa kundi la pili, lililofundishwa katika vikundi vya namna ile ile jinsi ya kusoma masomo ya shule.

Jinsi kundi la pili lilivyochaguliwa ni jambo la kusifiwa kuliko matokeo yenyewe. Kundi hilo nalo lilikuwa na kiongozi kijana, mahali pa kukutania, na wenzao wa kuzungumza nao. Na wanafunzi wake waliyasifu mafunzo yao kuwa yana faida kama walivyoyasifu wale wa kwanza. Yaani yale ambayo Frank aliyaona katika kila tiba yaliwekwa pande zote mbili, ili kilichozidi upande mmoja kionekane. Kimeonekana kimezidi. Lakini mafundisho yale matatu yalipimwa pamoja, kama dawa tatu katika kinywaji kimoja, na uchunguzi huo peke yake hauwezi kumwambia mwalimu wa Kiambu, mwenye saa moja tu ya kuwapa wanafunzi wake kwa juma, ni lipi kati ya matatu aanze nalo, na kwa mwanafunzi yupi.